Mijakaranda ya Nairobi na majira ya kuchipua

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mijakaranda ikijaa maua ya zambarau kufikia Oktoba, Nairobi imeingia majira ya kuchipua kama ya Ulaya. Imani hii inaeleweka: mti uliopukutisha majani wakati wa kiangazi huvaa maua hata kabla ya majani mapya.

Lakini majira hayo hufuata mchana unaorefuka. London, mchana wa Desemba huwa na urefu wa kama saa 8. Wa Juni hupita saa 16. Sisi tuko karibu na ikweta, na mchana wetu hubadilika kwa dakika 10 hivi tu mwaka mzima. Kinachotupangia mwaka ni mvua: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Mjakaranda wenyewe ni mgeni hapa. Kwao ni Amerika Kusini.

Unaweza kujihakikishia. Chagua mti mmoja karibu na lango lenu, uandike siku ya ua la kwanza na siku ya mvua ya kwanza, kisha linganisha mwaka baada ya mwaka. Okota ua moja pia: ni tarumbeta laini, na ndani yake kuna kijiti chenye manyoya mafupi. Watoto hulipenda sana.

Mimi huwatazamia zaidi kumbikumbi. Mvua ikishanyesha vizuri, huizingira taa ya barazani usiku, na asubuhi sakafu imejaa mabawa yao, mepesi hata ufagio huyarusha.