Pori tengefu si hifadhi ya taifa

"Serikali imetangaza eneo hilo kuwa hifadhi." Sentensi hii husomwa kila mara, na haimwambii msomaji lolote. Tanzania Bara, kutangaza kisheria ni kuchapisha katika Gazeti la Serikali amri yenye namba, mipaka na saini ya mwenye mamlaka. Tamko la mkutano wa hadhara halibadilishi hadhi ya hata hekta moja.

Hifadhi ya taifa hutangazwa na Rais kwa ridhaa ya Bunge, chini ya Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282. Ndiyo sababu Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, ilihitaji azimio la Bunge. Pori la akiba pia hutangazwa na Rais, ila baada ya kushauriana na mamlaka za mitaa husika. Pori tengefu, yaani eneo la wanyamapori ambalo matumizi yake hudhibitiwa, hutangazwa na Waziri wa Maliasili na Utalii, naye pia lazima ashauriane.

Kwenye pori tengefu ndipo wengi huteleza. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 1974 kilichodhibitiwa humo kilikuwa uwindaji; watu waliishi, wakalima, wakachunga, na vijiji vikaandikishwa juu ya ardhi ileile. Sheria mpya ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya 2009, ilikaza kamba: kuchunga humo kunataka kibali cha maandishi. Lakini kifungu cha 16 cha sheria hiyohiyo kilimtaka Waziri apitie orodha ya mapori tengefu ndani ya miezi 12, na ahakikishe ardhi ya kijiji haimo. Wanaonukuu katazo la malisho huliacha agizo hili, na inaumiza, maana ndilo linalomlinda mfugaji.

Ardhi ya kijiji ikitakiwa kweli, ipo njia yake katika kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Rais ndiye mwenye kuihamisha. Eneo lisipozidi hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji unaweza kukubali au kukataa. Likizidi, hutoa mapendekezo.

Hatua ya mashauriano ikirukwa, tangazo huanguka. Juni 2022 kilomita za mraba 1,500 za Loliondo, wilayani Ngorongoro, zilitangazwa na Waziri kuwa Pori Tengefu la Pololeti. Oktoba Rais akalitangaza eneo hilohilo kuwa pori la akiba. Mwaka 2023 Mahakama Kuu Arusha ilibatilisha tangazo la Juni kwa kukosa mashauriano. Hayo ni matangazo mawili, ya watu wawili, chini ya vifungu viwili. Anayeandika "Loliondo imefanywa hifadhi" aongeze tu namba ya tangazo na cheo cha aliyetia saini.