Shoo za tuzo za muziki zinanoga kwa sababu ya waliokaa kwenye viti

Wadau, nikimwambia mtu kazi yangu ni kuongoza matangazo mubashara ya burudani, yaani kukaa kwenye gari la OB, lile la kurushia matangazo nje ya studio, na kuamua kamera gani iende hewani, swali linalokuja mara nyingi ni hivi shoo za tuzo zinanoga kwa nini, maana washindi si unawasoma tu asubuhi kwenye simu umemaliza? Na kweli, Grammy, zile tuzo kubwa za muziki za Marekani, kwa saa zetu inaanza saa kumi alfajiri na bado kuna watu wanaamka kuiangalia au hawalali kabisa. Mimi naamini kinachowaamsha ni nyuso. Ni usiku mmoja ambao mastaa wote wamekalishwa kwenye viti kama mashabiki, wanasubiri, wanasikia jina la mwenzao linatajwa, na kamera iko palepale usoni kwao.

Ngoja niwaeleze inavyokuwa ndani ya gari. Kipengele kikifika, kila anayewania anakuwa na kamera yake, kama ni watano basi mbele yangu kuna skrini tano na kila moja ina uso mmoja. Mtoa tuzo anafungua bahasha, ukumbi unatulia, yule anajiweka sawa kwenye kiti, yule anamshika mama yake mkono, mwingine anaangalia chini. Jina linatajwa. Sasa hapo waongozaji wengi wanakimbilia mshindi na kubaki naye, wakati mshindi haendi popote, atakumbatiana, atatembea mpaka kwenye steji, atashukuru Mungu na menejimenti, tutamwona mpaka tutosheke. Yule aliyekosa ndiye ana kama sekunde moja tu kabla hajakumbuka kutabasamu na kupiga makofi, na ile sekunde ikipita hairudi tena, hakuna mazoezi yanayoweza kuitengeneza. Mimi hiyo sekunde naipenda kuliko fataki zote za ufunguzi, na sio kumsimanga mtu, hapana, ni kwamba pale ndipo mtazamaji anaona huyu mtu kweli aliitaka hii tuzo, alivyoitaka inakuuma hata wewe uliyeko sebuleni.

Chukueni MTV VMA, tuzo za video za muziki, ya 2009 pale Radio City Music Hall, New York. Taylor Swift kashinda video bora ya msanii wa kike, Kanye West kapanda, kachukua maiki na kusema Beyoncé alikuwa na moja ya video bora kuwahi kutokea. Kila mtu anakumbuka Kanye, lakini kilichofanya tukio likae vichwani mwa watu ni kamera kumwendea Beyoncé kule kwenye kiti, mdomo wazi, haamini, uso unasema jamani Kanye unafanya nini. Bila ile shoti lingekuwa tukio la fujo tu. Halafu baadaye usiku uleule Beyoncé akachukua video ya mwaka, akamwita Taylor arudi kumalizia hotuba yake, na hapo ukawa na hadithi yenye mwanzo na mwisho ndani ya usiku mmoja, hakuna mwandishi wa tamthilia aliyekaa akaiandika.

Ndio maana upangaji wa viti ni kazi nzito ambayo watu hawaijui. Kwenye shoo kubwa kama Grammy, wakati wa mazoezi kila kiti cha mbele kinawekewa bango lenye picha ya uso wa atakayekaa pale, ili mpiga kamera ajue fulani yuko wapi hata ukumbi ukiwa mtupu. Na kuna watu kabisa kazi yao ni kukaa kwenye kiti cha staa akitoka, asije akaonekana pengo kwenye skrini. Ukimweka hasimu wa mtu safu moja nyuma yake umeshampa mtazamaji kitu cha kufuatilia kabla hata hakijatokea chochote.

Kitu cha pili ni kwamba hakuna kurudia. Mfano wangu mkubwa kuliko yote ni Grammy ya 1998. Mwimbaji wa opera Luciano Pavarotti alitakiwa kuimba wimbo wa Nessun dorma, akaumwa, akatoa taarifa shoo ikiwa imeshaanza. Prodyuza Ken Ehrlich akapanda kwenye chumba cha Aretha Franklin, ambaye siku mbili nyuma alikuwa ameimba wimbo huohuo kwenye hafla ya kumuenzi Pavarotti mwenyewe, akamuuliza utaweza? Aretha akasikiliza kanda ya mazoezi, basi. Okestra ilikuwa imeandikiwa muziki kwa ufunguo wa Pavarotti, yaani kimo cha sauti yake, na hakukuwa na muda wa kubadilisha, kwa hiyo mwanamke wa soul anaingia kuimba opera kwa ufunguo wa mwanaume mwenye sauti ya tenor, mubashara, bila kufanya zoezi hata moja na ile okestra. Na akaimba vile alivyoimba. Itafuteni, muangalie ukumbi unavyosimama.

Hata kuharibika kunaweza kumvuta mtazamaji akikuta mtu amejali. Mwaka 2016 kwenye Grammy Adele akiimba, maiki za piano zilidondokea kwenye nyuzi, sauti ikawa mbovu, yeye akavumilia mpaka mwisho. 2017 akarudi kuimba kumkumbuka George Michael, akahisi ameanza vibaya, akasimamisha, akaomba msamaha na kuomba aanze upya. Pale ndani ya gari mwongozaji anatamani akimbilie matangazo ya biashara, wale wa Grammy walibaki naye, wakamwacha aanze tena, na uamuzi ule mimi nauheshimu sana.

Sasa kwa hapa nyumbani. Sisi timu za mashabiki wa wasanii tunazo tayari, na timu ndio mafuta ya shoo ya tuzo. Kumbukeni Kilimanjaro Music Awards 2014 Diamond alivyobeba tuzo 7 kwa usiku mmoja, halafu 2015 Ali Kiba karudi na wimbo wake Mwana, mitandaoni hakukaliki, watu wametumia vocha zao kupiga kura kwa hiyo wanadai matokeo kama wanavyodai ya Simba na Yanga. Joto hilo huwezi kulinunua. Lakini nimefanya kazi kwenye shoo ambayo joto lote hilo lilizimwa na hotuba, mdhamini anaongea, mgeni rasmi anaongea, mwakilishi wa mdhamini mwingine naye anaongea, halafu vipengele vinasomwa mfululizo kama majina ya kujiunga kidato cha tano, nusu ya wanaowania hawapo, wametuma mtu kupokea, kamera inatafuta uso inakuta kiti kitupu. Iliniuma kwa sababu wasanii wetu wana nyuso nzuri mno za kuangaliwa na tuliwanyima.

Grammy ya 2024 ilikuwa na vipengele 94, na vilivyotolewa kwenye shoo kuu ya TV havikufika hata 15. Vingine vyote vilitolewa mchana, kwenye hafla inayorushwa mtandaoni, hata Tyla tuzo yake ya muziki wa Afrika aliipokelea kule. Usiku ukabaki wa kuimba, Tracy Chapman na Luke Combs kwenye wimbo wa Fast Car, kamera inaanza kwenye vidole vya Tracy na gitaa, inapanda, unaona anatabasamu, ukumbi unapiga kelele.

Ombi langu kwa waandaaji wetu ni hilohilo. Vipengele vingi vipeni mchana, kwa heshima kamili, kamera nzuri na muda wa mtu kushukuru, hotuba za wadhamini nazo ziishie hukohuko, usiku bakizeni vile vichache ambavyo nchi nzima inabishana, na muwalipie wanaowania usafiri na hoteli ili wote wawe wamekaa ukumbini bahasha inapofunguliwa.