Fungu la Mjane Halikutoka Beijing

Tangu tuanze kampeni ya elimu ya mirathi, ofisi yetu ya msaada wa kisheria hapa Malindi imepokea malalamiko ya wajane ambao mashamba na nyumba za waume wao ziligawanywa na jamaa wakati wao wangali edani, kipindi cha kukaa ndani baada ya kufiwa na mume. Jamaa wakiulizwa, wengi hujibu kwamba madai ya mjane ni "mambo ya Beijing".

Jibu hilo tumelisikia mno, na si sahihi. Mkutano wa Beijing, ule wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, ulifanyika mwaka 1995. Miaka 10 kabla yake wanawake wa dunia walikutana Nairobi, Maendeleo ya Wanawake, jumuiya ya wanawake wa Kenya, iliundwa mwaka 1952, na hapa petu Mekatilili wa Menza aliwaongoza Wagiriama kuwakatalia Waingereza mwaka 1913. Fungu la mjane wa Kiislamu ni la kale kuliko hayo yote: thumuni, yaani sehemu moja ya nane, ikiwa marehemu ameacha watoto, robo ikiwa hakuacha. Harakati za wanawake ziliwapa wengi ujasiri wa kulidai hadharani, na anayemzuilia mjane thumuni yake kwa kisingizio cha dini aanze kwa kuisoma dini hiyo.

Kuhusu utaratibu, mali ya marehemu haigawanywi kwa kikao cha ukoo peke yake. Huhitajika cheti cha kifo, barua ya chifu inayowataja warithi wote, wake na mabinti wakiwemo, kisha ombi mahakamani. Waislamu wanaoridhia huenda kwa Kadhi. Ombi likitangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, mwenye pingamizi hupewa siku zisizopungua 30. Anayechukua, kuuza au kuingilia mali hiyo bila idhini ya sheria anatenda kosa chini ya kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili, juu ya kuwajibika kwa msimamizi halali kwa alichokichukua.

Kizuka, yaani mjane aliye edani, hukaa miezi minne na siku kumi, na siku 30 za pingamizi zaweza kupita kabla hajatoka. Asisubiri. Wakili anaweza kumwakilisha, na mwanawe aliyetimiza miaka 18, akiwa mrithi, anaweza kuweka pingamizi kwa jina lake mwenyewe.