Je, lori la kigeni hutumia barabara bure?
Kwa miaka mingi imeaminika kwamba lori lenye namba za kigeni hupita barabara za wenyeji bure, huku msafirishaji wa nchini akibeba gharama yote. Imani hiyo si sahihi. Kinacholipwa nchi lilikosajiliwa ni kodi ya mwaka ya gari. Tozo ya barabara humhusu kila apitaye, kama ilivyo Ujerumani, ambako tangu 2005 malori mazito hutozwa kwa kilomita katika barabara kuu bila kujali yametoka wapi.

Tofauti ya kweli, na malalamiko juu yake ni ya haki, imo kwenye dizeli. Umoja wa Ulaya umeweka kiwango cha chini cha kodi, senti 33 za yuro kwa lita, lakini kila nchi iko huru kutoza zaidi. Kwa hiyo lori lenye tangi kubwa hujaza mafuta penye unafuu, kisha huvuka nchi jirani bila kununua hata lita moja. Msafirishaji wa safari fupi za ndani hana njia hiyo. Hata hivyo, mgeni naye amewekewa mpaka: katika Umoja huo, akishashusha shehena aliyoingia nayo, haruhusiwi kusafirisha mizigo ya ndani zaidi ya mara 3 katika siku 7.