Mawingu ya Zuhura katika darubini za infraredi: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mawingu ya Zuhura hayapenyeki, hivyo darubini haioni kitu chini yake.

Kwa macho, ndivyo ilivyo. Mawingu hayo ya asidi ya salfa, yaliyotanda takriban kilomita 48 hadi 70 juu ya ardhi, hurudisha sehemu kubwa ya nuru ya Jua, na sayari huonekana nyeupe tupu. Hata hivyo, mwaka 1984 David Allen na John Crawford, waliokuwa wakitumia darubini nchini Australia, walitangaza kwamba upande wa usiku wa Zuhura unang'aa katika infraredi, yaani nuru isiyoonekana kwa macho, kwenye mawimbi ya takriban mikroni 1.7 na 2.3 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ambako hewa ya ukaa haifyonzi sana na joto la chini hupata upenyo wa kutokea. Aliyewahi kutazama kandili ambayo kioo chake kimeshika masizi ataielewa picha hiyo upesi: moto uko ndani, nao hufifia pale masizi yalipo mazito. Doa jeusi, basi, si shimo wala bonde, bali ni wingu zito lililoukinga mwanga unaotoka chini yake.

Dhana: Picha ya infraredi ni picha ya ardhi.

Hutegemea urefu wa wimbi, na hapa ndipo wengi hukosea. Kwenye mikroni 2.3 mng'ao hutoka hewani, chini ya mawingu. Karibu na mikroni 1 ndipo ardhi yenyewe, yenye joto la nyuzi 460 hivi za Selsiasi, hupenyeza nuru hafifu. Kwenye mikroni 10 huonekana vilele vya mawingu tu. Ajabu ni kwamba huko juu, Desemba 2015, chombo cha Japani kiitwacho Akatsuki kilinasa alama yenye umbo la upinde, ya takriban kilomita 10,000, iliyotulia juu ya nyanda za juu za Zuhura ziitwazo Aphrodite Terra huku mawingu yakiipita kwa kasi. Milima haikuonekana, lakini athari yake ilikuwa imepanda hadi kileleni mwa mawingu.

Dhana: Kazi hii huhitaji chombo cha angani.

Darubini za Mauna Kea, Hawaii, huifanya pia: wingu lile lile hupigwa picha tena baada ya saa chache, na umbali lililosogea hutoa kasi ya upepo. Kikwazo kikubwa ni mwanga mkali wa hilali ya upande wa mchana, ambao humwagikia upande wa usiku.

Dhana: Rangi za picha hizo ni za kweli.

Kihisio hupima nguvu ya nuru tu. Wekundu na manjano huchaguliwa na mtayarishaji.