Nguvu za mabega na mikono: anzia ukutani

Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20, na kuinyanyua kunataka mabega na mikono yenye nguvu. Kwenye kitengo chetu cha fiziotherapia tunawapokea watu wengi waliovuka miaka 40 ambao miguu yao ni mizima kwa kutembea kila siku, lakini wakiinua mkono kuanika nguo, bega linagoma. Misuli huanza kupungua taratibu baada ya miaka 30 hivi, na asiyeitumia huipoteza haraka zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku mbili kwa wiki, mbali na kutembea au kukimbia. Habari ya kutembea imewafikia wengi. Hii ya misuli bado, na inaniuma, kwa sababu haihitaji jimu wala vyuma.

Pushapu ndiyo inayojulikana, na ndiyo inayowakatisha watu tamaa. Anayejisukuma kutoka sakafuni kwa viganja na vidole vya miguu anabeba takriban theluthi mbili ya uzito wake. Mwenye kilo 75 anasukuma karibu kilo 50, yaani mfuko mzima wa saruji. Akipiga magoti, mzigo unashuka hadi karibu nusu ya uzito wake. Akiweka mikono juu ya benchi la sentimita 60, unabaki kama asilimia 40. Ukutani ni mwepesi zaidi. Kwa hiyo anayesema pushapu zimemshinda, mara nyingi ameanzia pasipo pake.

Simama mbele ya ukuta, umbali unaozidi kidogo urefu wa mkono. Weka viganja usawa wa kifua, vipane kidogo kuliko mabega. Kunja viwiko vielekee nyuma kwa mshazari, visitanuke pembeni, ukisogea taratibu kwa hesabu ya tatu huku ukivuta pumzi. Sukuma ukiitoa. Usibane pumzi, hasa kama una shinikizo la damu, maana kubana pumzi huku unasukuma hulipandisha ghafla. Mwili unyooke kutoka kisogoni hadi kisiginoni. Kiuno kikianza kulegea, hesabu imeishia hapo, hata kama ni ya sita. Ukiweza raundi tatu za mara 12 bila kulegea, hamia kwenye meza imara, kisha benchi, kisha magoti, halafu sakafu.

Sasa kosa ninaloliona hata kwa vijana wenye vifua vipana: wanasukuma tu, hawavuti. Misuli ya mgongo wa juu ikibaki dhaifu, mabega huvutwa mbele. Chukua shuka nzito isiyochakaa, izungushe kwenye nguzo imara ya baraza usawa wa kifua, shika ncha zote mbili, egemea nyuma mikono ikiwa imenyooka, kisha jivute hadi viwiko vifike mbavuni, ukikutanisha mabapa ya mabega. Kadiri miguu inavyosogea karibu na nguzo, ndivyo kazi inavyokuwa nzito. Mimi hushauri raundi za kuvuta zisipungue zile za kusukuma. Jaribu nguzo na shuka kwa uzito kidogo kwanza.

Zoezi la kujishusha ukiwa umeshika kiti kwa nyuma silipendekezi kwa mwenye historia ya maumivu ya bega, na kwa kiti cha plastiki silipendekezi kwa mtu yeyote. Kiganja kikiuma kwenye sakafu, kunja ngumi juu ya kitambaa kilichokunjwa. Mjamzito abaki ukutani, baada ya kuongea na mkunga au daktari wake.

Pumzika siku moja au mbili kati ya vipindi, na kula maharage, dagaa au mayai ili misuli ipate cha kujijengea. Misuli kukaza siku ya pili na ya tatu ni kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo, au ganzi inayoshuka mkononi, si kawaida: acha, mwone mtaalamu. Kifua kikibana wakati wa zoezi, maumivu yakielekea kwenye taya au mkono, nenda hospitali saa hiyo hiyo.