Karatasi ya kale haithibitishi kwamba aliyeandika ni Amelia Earhart

Wiki hii nimeletewa tena barua ya mkono yenye jina la Amelia Earhart, yule rubani mwanamke wa Marekani, mwenyewe anataka kuiuza kwa wakusanyaji. Sijaishika bado, akaniwahi: "Karatasi imepimwa, ni ya miaka ya 1930. Kwa hiyo ni halisi." Hiyo "kwa hiyo" imenichosha.

Karatasi ya miaka hiyo si adimu. Vitabu vingi vya zamani vina kurasa tupu mwanzoni na mwishoni, na wembe unatosha kuzikata. Mghushi anayeijua kazi yake huanzia hapo hapo. Kipimo cha karatasi kinaweza kuiangusha barua, kuisimamisha hakiwezi. Iking'aa buluu chini ya taa ya urujuanimno (UV), ina dawa za kung'arisha zilizoenea viwandani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na Earhart alitoweka Pasifiki tarehe 2 Julai 1937. Bolpeni nazo zilianza kuuzwa madukani Marekani Oktoba 1945. Hapo hatuna la kujadili. Lakini isipong'aa, bado hujathibitisha kitu.

Mimi naanza na mikunjo. Mtu huandika, ndipo akakunja, ndipo akatia kwenye bahasha. Mkunjo huvunja nyuzi za karatasi. Wino ukipita juu ya nyuzi zilizokwisha kuvunjika hunywewa na kutambaa kando, kama maji kwenye ufa wa ardhi. Wino uliotangulia mkunjo hukatika pamoja na karatasi, wala hautambai. Tofauti hiyo ni nyembamba kuliko unywele, na nimewahi kumaliza alasiri nzima na kioo cha kukuzia juu ya herufi moja. Kuna na hili: gundi inayotiwa kiwandani ili wino usizame hudhoofika kadiri miaka inavyopita. Andika leo kwa kalamu ya wino juu ya ukurasa wa mwaka 1930, mara nyingi utaona mistari ikiota manyoya. Uzee huo wa karatasi unaosifiwa kwangu ndio huenda ukamuumbua aliyeghushi!

Halafu mkono. Anayeandika jina lake mwenyewe halifikirii: kalamu inatua ikiwa mbioni na kunyanyuka kabla haijasimama, ndiyo maana ncha za herufi huchongoka. Anayechora jina la mwenzake huenda taratibu. Unene wa mstari ni ule ule, ncha ni butu, kuna vituo katikati ya herufi. Hapa vitabu vinatuelekeza kuhesabu vipengele. Kusema kweli, mara nyingi moyo wangu huamua dakika ya kwanza, kisha macho yanatafuta sababu, na jambo hilo linanitisha. Rubani aliyechoka, karatasi iko gotini, naye mkono wake hutetemeka. Kuna barua niliyoikataa miaka iliyopita, na hadi leo sijui kama nilimtendea haki aliyeileta.

Ya ndani ya barua nayapitia haraka. Tarehe 20 Mei 1932 aliruka peke yake kutoka Harbour Grace, Newfoundland, kesho yake akatua Culmore, Ireland ya Kaskazini. Barua iliyoandikwa New York tarehe 21 imejihukumu yenyewe. Kwa watu wake wa karibu alizoea kutia "A.E." tu, hivyo jina zima lenye madoido halinishawishi. Nyaraka zake nyingi ziko Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na kulinganisha huanzia huko.

Mwanamke huyu, siku ya harusi yake na George Putnam, 7 Februari 1931, alimkabidhi barua akimtaka amwachie huru baada ya mwaka mmoja iwapo hawatapata furaha pamoja. Mtu aliyeyajua maneno yake kiasi hicho, kumwandikia mengine na kumtilia sahihi ni kumdhulumu, naye hawezi kukana.

Ile barua ya wiki hii bado iko mezani. Mikunjo yake imepigwa pasi, kwa nia njema ya kuipendezesha, na nyuzi nilizotaka kuzisoma zimelala. Nimemwambia mwenyewe kwamba siwezi kusema ndiyo wala hapana. Kama unayo yako, usiinyooshe, usiitie nailoni, na bahasha yake uje nayo.